Pigo la Nje la Shemeji

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na kama hujawahi kuangalia besiboli usiwe na wasiwasi. Nitakufundisha inayotosha, wala haitachukua muda. Wengi huniambia mchezo ule hauna kichwa wala miguu, nami huwajibu kwamba hata mimi niliuona hivyo nilipofika Toronto. Unachohitaji ni kidogo tu, ili uelewe jinsi ubishi juu ya mchezaji wa nchi jirani, mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpa mkono, ulivyokaribia kumuua shemeji yangu.

Mchezo wenyewe ni huu. Mmoja anarusha mpira, mwingine amesimama na rungu anausubiri. Akiupiga, anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia, na wapinzani wanaukimbilia mpira ili wamwahi. Lakini kuna wakati mpigaji anaupata sawasawa, mpira unapaa juu ya vichwa vya watu wote, unavuka uzio na kuangukia kwa watazamaji. Hapo hakuna tena wa kumwahi. Anazunguka vituo taratibu, kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Sisi tuliliita pigo la nje. Sasa hesabu mapigo ya nje ya mtu mmoja kwa maisha yake yote ya uwanjani, na ukimpata mwenye mengi kuliko wote waliowahi kucheza, huyo ndiye mwenye rekodi. Kwa Wamarekani, na kwa Wakanada wanaowaiga, rekodi hiyo ni kitu kizito mno.

Miaka hiyo ya elfu mbili rekodi ilikuwa inakaribia kuangukia mikononi mwa mpigaji ambaye watu wengi hawakumwamini. Walisema anatumia dawa za kusisimua misuli. Mwenyewe alikana. Magazeti yaliweka picha yake ya ujanani kando ya picha yake ya sasa, yakamwachia msomaji aamue, na kila msomaji aliamua.

Dada yangu na mumewe walikuwa wakikaa katika moja ya maghorofa ya Dixon Road, upande ambao ndege hupita chini kabisa zikienda kutua. Walinipokea hapo nilipokuja kusoma. Ndege ikipita, runinga haisikiki, na mbishi aliyekuwa katikati ya hoja yake lazima angoje. Wageni walishangaa kutuona tumenyamaza wote ghafla huku midomo iko wazi, kisha tunaendelea pale pale tulipoishia.

Shemeji ndiye aliyenifundisha besiboli, kama alivyonifundisha kuvaa kwa ajili ya theluji na kubadilisha treni bila kupotea. Alikuwa msimamizi wa ghala karibu na uwanja wa ndege, mtu mpole, mwepesi wa kucheka. Kwa umri angeweza kuwa baba yangu mdogo. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliniita mdogo wangu.

Jumapili mchana nyumba ilijaa. Tuliotoka kanisani tulikuja, na waliokuwa na njaa ya kusikia Kiswahili walikuja pia. Aliyekuwa hakosi ni dereva mmoja wa teksi za uwanja wa ndege, mzee Mchaga wa Machame, mvaaji wa tai hata siku ya mapumziko. Gari lake jeusi aliliegesha mahali ambapo angeweza kuliona kutoka kwenye roshani yetu, na kila baada ya muda aliinuka kulitazama. Shemeji ni Mpare. Kama umekulia Tanzania huhitaji kuelezwa zaidi, lakini nawafikiria wasikilizaji wa Kenya na Kongo, kwa hiyo naeleza: Wachaga na Wapare ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, akachukua kofia yako, akaja kwenye msiba wako akaigiza ulivyokuwa ukitembea, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Hawakuitana kwa majina wale wawili. Kila mmoja alimwita mwenzake mtani.

Shemeji alipenda kusema kwamba ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Mtani alijibu kwamba kwa Mpare hata sarafu haihitajiki, msomee tu hati ya mashtaka, ataamka atafute wakili, maana Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kumshtaki kuku. Binti mkubwa wa dada, aliyezaliwa Toronto, aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini baba yake anamruhusu yule mzee amtukane nyumbani kwake. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bado haelewi mtu anajuaje lini mwenzake ametania na lini amemaanisha. Nilimwambia mtu hujua tu.

Basi rekodi ile ilipokuwa inakaribia, ilipata upande wa mashtaka na upande wa utetezi sebuleni kwetu. Mtani alishtaki. Alisema mwanadamu akifika umri ule magoti yanamlia, mgongo unamlia, lakini huyu kila mwaka anapiga mbali zaidi, na ile shingo haikutokana na ugali. Shemeji alitetea. Alitaka ushahidi. Shingo si ushahidi, alisema, picha si ushahidi, na mtu aliyeona kwa macho yake yuko wapi? Alibishana kwa ukali kuliko nilivyowahi kumwona, hata dada akawa anamgusa bega anapopita na chai. Nilidhani ni Upare wake.

Mimi nilikuwa upande wa mashtaka. Sikumwamini yule mpigaji hata kidogo. Lakini tangu majira ya kuchipua nilikuwa na wasiwasi mwingine, na huo haukumhusu Mmarekani.

Nilikuwa nimemwona shemeji, asubuhi, akisimama mbele ya dirisha la jikoni akiwa ametugeuzia mgongo. Alikula kipande cha mkate, akainua kichwa kama kuku anayekunywa maji, akameza kitu. Kila siku hivyo, kila siku mgongo. Uso wake, uliokuwa mwembamba wenye mashavu ya kuingia ndani, ulikuwa umeanza kuwa wa mviringo. Shingo ilinenepa, mabega yakajaa nyama upande wa nyuma. Alikula sana. Alikuwa na hasira za haraka ambazo hakuwa nazo, kisha anaomba radhi. Usiku nilimsikia akitembea. Sikumwuliza, mtu unayemwamkia shikamoo humwulizi anameza nini. Dada naye, nikigusia tu kwamba shemeji amenawiri, aliniuliza kama nimeshaanua nguo.

Kisha ikaja pikiniki ya kiangazi, kwenye bustani kando ya mto Humber. Kulikuwa na pilau, nyama choma, na besiboli ya kizembe ya baba na mama wazima, wengi wao wakishika rungu kama wanapepea moto. Shemeji alipiga mpira ambao hatukuuona unapoenda. Tulisikia tu. Ulivuka uzio wa nyaya, ukavuka njia ya baiskeli, ukatua juu ya boneti ya gari jeusi la mtani. Hakuna mtu wa jumuiya yetu aliyewahi kuufikisha mpira hata kwenye uzio. Watu walipiga vigelegele, na shemeji akazunguka vituo polepole, akihema vibaya, mkono kifuani. Mtani hakutazama anavyozunguka. Alikwenda kukagua boneti, akarudi, akasimama akimtazama shemeji kuanzia shingoni.

Tangu siku hiyo nilianza kuwaona na wengine wakitazama. Wanaume walimpa mkono wakimminya na msuli wa juu ya kiwiko, kama mtu anayechagua embe. Mama mmoja alimwuliza dada jikoni anampikia nini mumewe, akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Mwingine alinong'ona kwamba labda ana ugonjwa ule, maana dawa zake nazo hubadilisha mwili. Shaka ikishaingia kwenye kikundi kidogo kama chetu haihitaji mtu wa kuisambaza. Hata mimi, nikifagia chumba chao, macho yalikwenda yenyewe kwenye begi lake la glovu ya kudakia mpira.

Jumapili iliyofuata kuvunjwa kwa rekodi, runinga ilikuwa inarudia lile pigo, mara kwa mwendo wa kawaida, mara polepole. Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Mtani alikaa kwenye stuli akiwa na tai yake, kikombe gotini. Alitazama runinga, akamtazama shemeji, akairudia runinga.

“Mtani,” alisema, “wewe na huyu jamaa mnanunua duka moja?”

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka.

“Mwaka jana shingo yako ilikuwa ya jogoo,” mtani akaendelea, “leo ni ya fahali. Boneti yangu ndiyo shahidi, maana ulitaka ushahidi. Tuambie tu unameza nini, na sisi tukanunue.”

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na katikati ya kicheko hicho ndege ikaja. Shemeji alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Ilibidi angoje. Ndege ilipita juu yetu, madirisha yakatetemeka, na kwa muda wote huo watu wote mle ndani walimtazama yeye, na yeye hakuwa na pa kuweka uso. Dada aliinuka na birika akaanza kumimina chai kwenye vikombe vilivyojaa. Sauti ilipoisha, shemeji alifunga mdomo, akatabasamu, akasema Mchaga huwa anataka kujua bei ya kila kitu. Wakacheka tena. Mtani aliendelea kuitazama shingo yake.

Kesho yake asubuhi shemeji alikula mkate akiwa amekaa mezani, ametugeukia, na hakumeza kitu. Siku iliyofuata vilevile. Nikuambie ukweli jinsi nilivyoelewa: nilidhani amekiri. Kama kilikuwa kitu cha halali, nilijiuliza, mbona amekiacha mara tu alipotajwa? Nilimpikia chai, nikamwamkia, na moyoni nilikuwa nimeshamhukumu.

Wiki ile alianza kulegea. Alisema ni joto. Chakula kilichokuwa hakimtoshi kikamshinda, ila alikinyunyizia chumvi mpaka dada akamnyang'anya kopo. Kikohozi alichokuwa nacho wakati wa baridi kilirudi.

Jumamosi dada alikuwa kazini Don Mills. Mimi na shemeji tulishuka na nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia, chini kabisa ya jengo. Tulikuwa tunakunja shuka, kila mmoja ameshika pembe zake, tunasogeleana na kurudi nyuma kama inavyokunjwa. Nilivuta upande wangu nikaona upande wake hauvuti. Pembe zilimtoka mikononi. Akakaa chini akiegemea mashine, kijivu, jasho linamtoka, akaniambia kwa sauti ya chini sana, “Mdogo wangu, miguu haipo.” Kisha hakusema tena.

Waliokuja na gari la wagonjwa waliniuliza anatumia dawa gani. Nilijibu nilichokijua: kuna kitu alikuwa anameza kila asubuhi, sijui ni nini, na ameacha tangu Jumatatu. Mwanamke aliyekuwa akimpima shinikizo la damu aliinua kichwa haraka, akaniuliza kama nina uhakika ni Jumatatu. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimemchunguza shemeji yangu kuliko mtu anavyopaswa kuchunguzwa nyumbani kwake. Nikampigia dada simu, na palepale, akilia, akalitaja jina la dawa. Iko kwenye begi la glovu, alisema.

Sasa nieleze kama daktari alivyotueleza, maana alieleza vizuri. Shemeji alikuwa na ugonjwa wa mapafu, ambao kinga ya mwili inayashambulia mapafu yake yenyewe. Dawa aliyopewa inaituliza kinga hiyo. Ina undugu wa mbali na zile za wanamichezo, lakini haijengi msuli. Kwa kweli hupunguza nguvu za mapaja na mabega. Inachoongeza ni njaa, maji na mafuta, hasa usoni na shingoni. Na ina jambo moja la hatari. Dawa hii inafanana na kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe kila siku ili uweze kusimama. Ukiimeza kwa miezi, mwili unaona kazi inafanywa na mwingine, unaacha kutengeneza. Ukiikatiza ghafla, unabaki huna ya dukani wala huna ya mwilini. Shinikizo la damu linashuka, mtu anaanguka, na anaweza asiinuke.

Walikuwa wamemficha nani? Kila mtu. Shemeji hakutaka simu ifike Same, kule Upareni, kwa mama yake, hakutaka jumuiya ianze kuja na masufuria, na zaidi ya yote hakutaka mtu asikie kikohozi na vidonge halafu ajitungie ugonjwa. Badala yake watu walijitungia misuli.

Mtani alikuja hospitali siku ya pili. Alikuwa na tai na chupa ya chai isiyokuwa na chai. Alisimama miguuni pa kitanda.

“Nimekuletea mtori wa ndizi na nyama,” alisema. “Kwetu anapewa mwanamke aliyejifungua. Niliona uso umevimba, nikajua ni mzazi.”

Hakuna aliyecheka.

“Jumapili ile,” shemeji akasema, “ulikuwa unanitania au ulikuwa unaniuliza?”

Mtani aliweka chupa juu ya meza. “Nilikuwa nakuuliza.”

“Basi ungeuliza.”

“Ningekuuliza kweli ungekasirika, na mimi sina ndugu mwingine katika mji huu.” Alirekebisha tai ambayo ilikuwa sawa. “Kwenye utani nilijua huwezi kunifukuza.”

“Na mimi ningekujibu nini, mtani? Nikikasirika, nimekosa. Nikikaa kimya, nimekiri.”

Nami nilikumbuka swali la binti yao, lile nililolijibu kwamba mtu hujua tu. Nadhani ni watu wa kwetu peke yao wanaoweza kukosea namna ile: kuweka shtaka la kweli ndani ya mzaha ambao mshtakiwa amekatazwa kuukataa.

Shemeji ndiye aliyetuokoa. Alifumba macho kama aliyelala. “Bado hujanisomea hati ya mashtaka,” alisema, “ndiyo maana siamki. Ila nikiamka, nakufungulia kesi.”

Dada alianza kucheka na kulia pamoja. Mtani akafungua chupa, akamimina mtori, akashika kijiko mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa sebuleni, na faini ilikuwa hii: mtani ampeleke shemeji kliniki kila atakapotakiwa, kwa lile gari jeusi, mpaka dawa ipunguzwe hatua kwa hatua na kwisha. Ilichukua sehemu kubwa ya mwaka. Shemeji alisema wauguzi walidhani yeye ni balozi. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, aliwaeleza watu wote mwenyewe, kisha akakata kipande cha mkate na kumeza vidonge vyake ametugeukia. Yule mama wa jikoni alitazama zulia.

Pigo la nje la Humber halijapata hukumu mpaka leo. Mtani anataka lifutwe, kwa sababu mpigaji alikuwa na dawa mwilini. Shemeji anasema dawa yenyewe ilikuwa inamla mapaja, kwa hiyo lihesabiwe mara mbili. Wamezeeka nalo. Nimewasikia wakilibishania kwa simu, na ndege ikipita upande wa shemeji, mtani anangoja.

Na yule mpigaji wa Marekani? Ukiniuliza leo, bado simwamini. Nikiiona ile picha ya shingo yake, moyo wangu unasema hapana kabla sijafikiri. Lakini moyo huohuo, kwa ushahidi uleule wa shingo, ulimhukumu mtu aliyekuwa anakufa mbele yangu huku nikimkaribisha chai. Kwa hiyo naiacha shaka yangu kwa mpigaji ilipo, sitaki kukudanganya kwamba imekwisha, ila siiruhusu tena iketi mezani kwangu na kutazama ninaokula nao.

Wewe nina jambo moja la kukuomba, na ni rahisi. Kama unameza dawa ya kila siku, usiiache kwa sababu ya maneno ya watu. Kabla ya kuiacha, mpigie daktari au mfamasia aliyekupa, umwulize inapunguzwaje. Halafu leo, kabla hujalala, mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mwako mahali unapoiweka, na umsomee jina la dawa yenyewe.